Sauti ya Jumapili

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe saba Januari mwaka 2004, saa nne asubuhi, wakati Chi Dehou amesimama juu ya stuli anafunga matambara kwenye bomba la joto lililokuwa linavuja. Bomba lenyewe halikuwa na joto la kumfaa hata paka. Nje theluji ilikuwa imeganda ikawa ngumu kama kigae, na wakubwa wanaohusika na makaa walikuwa wanayabana kana kwamba wameyachimba kwa meno yao wenyewe.

Mlango uligongwa, na kabla mtu hajajibu ukafunguliwa. Aliingia Katibu Pang wa kamati ya mtaa, mwanamke mwenye koti jipya jekundu na tabasamu lisilofungwa, nyuma yake mwanaume aliyebeba kamera begani, na nyuma ya kamera mlinzi wa geti na boksi la machungwa. Pang alikuwa mgeni pale. Alihamishiwa mtaani vuli ile kutoka ng'ambo ya mto, na alikuwa na haraka ya mtu anayetaka kuhamishwa tena, safari hii juu zaidi.

"Yuko wapi mama yetu? Mama wa mfano yuko wapi?"

Mama mkwe wake Dehou, Mama Nie, alikuwa amekaa palepale mbele ya macho yake, anamenya vitunguu saumu.

"Mama, tarehe kumi na saba unatimiza miaka themanini! Umekaa na mkwe wako miaka yote hii bila ugomvi, hakuna familia kama hii mtaa mzima. Mkurugenzi wa wilaya atakuja mwenyewe kukupongeza."

"Huyo mkurugenzi," Mama Nie akauliza bila kuinua kichwa, "ndiye anayekaa na ufunguo wa joto?"

Pang alicheka kwa ajili ya kamera. "Mama ana utani! Haya, omba kingine. Siku yako ya kuzaliwa unatamani nini? Sema tu, usione haya."

Mama Nie aliweka kisu chini. Akajifuta mikono polepole, akaitazama kamera kama mtu anayetazama dirisha la tiketi.

"Nataka binti yangu aje."

Juu ya stuli, Dehou aliachia tambara likaanguka.

"Yuko wapi binti?"

"Kusini, Guangdong. Anashona viatu. Mwaka wa nne huu. Kila Jumapili ananipigia simu, na kila mwaka mpya ukikaribia ananiambia, mama, mwaka kesho."

Pang aligeuka upande wa kamera, akanyoosha kola yake. "Basi mwaka kesho umefika! Kamati ya mtaa itamleta. Nauli juu yetu. Mama Nie, binti yako atakula na wewe siku yako ya kuzaliwa, hiyo ni ahadi ya serikali!"

Mlinzi wa geti, ambaye alikuwa pale miaka kumi, aliangalia viatu vyake. Yeye alijua. Ngazi nzima ilijua, kuanzia ghorofa ya kwanza mpaka ya sita, na kwa miaka miwili hakuna aliyekuwa amefungua mdomo. Suqin, binti wa Mama Nie na mke wa Chi Dehou, alikuwa amekufa.

Wakubwa walimuua mara mbili, ndivyo Dehou alivyosema moyoni kila alipomkumbuka. Mara ya kwanza walipofunga kiwanda cha matrekta. Mkurugenzi wa kiwanda alitoa hotuba ndefu kuhusu kujitoa kwa ajili ya taifa, akapigiwa makofi, akaondoka na gari la kiwanda ambalo halikurudi tena kiwandani. Wafanyakazi walijitoa, wao ndio pekee waliojitoa. Mara ya pili ilikuwa huko kusini, kwenye chumba kisicho na dirisha ambako Suqin alipaka gundi soli za viatu tangu kunapambazuka mpaka macho yanamtoka machozi. Gundi ikamwingia kwenye damu. Daktari wa kule alisema damu imechoka. Ukiwauliza wakubwa wa gundi, watakwambia alikuja mgonjwa.

Dehou alirudi kaskazini kwa treni na kasha la majivu ndani ya koti. Akamkuta Mama Nie kalazwa, moyo umemgoma, na daktari amesimama mlangoni anamwonya: mgonjwa huyu asishtuliwe, hata mlango msiubamize. Mama alifumbua jicho moja.

"Suqin hajambo?"

"Hajambo," Dehou akasema. Ikaonekana haitoshi. "Amenenepa."

Uongo wote ulianzia kwenye kunenepa huko. Mtu aliyenenepa anakula, na anayekula ana mdomo, na mwenye mdomo kwa nini hapigi simu kwa mama yake? Moyo wa mama ulipopata nafuu, swali hilo lilikuwa likisubiri pembeni ya kitanda pamoja na dawa.

Ndipo Dehou alipovuka reli kwenda kwenye soko la ng'ambo kumtafuta Bian Yalan.

Yalan alikuwa mtangazaji wa kiwanda cha matrekta. Miaka kumi na mitano sauti yake ilitoka kwenye vipaza sauti juu ya nguzo: saa ya kuingia, saa ya kutoka, nani amevunja rekodi, nani amefunga ndoa. Alikuwa anaweza kuigiza sauti ya mtu yeyote, na kwenye sherehe za mwaka mpya alimwigiza mkurugenzi mpaka watu wakashika mbavu. Na ndiye aliyepewa karatasi ya majina ya wanaoachishwa kazi, akaisoma mchana kutwa bila kukohoa. Siku ya pili yake walimwachisha na yeye. Sasa alikuwa anauza kabichi ya kuchachusha, amesimama katikati ya mapipa, vidole vyekundu kwa maji ya chumvi. Mume wake alikwenda Urusi kuuza makoti ya ngozi, akapata huko mtu wa kumvalisha.

"Ulisoma jina la mke wangu," Dehou alimwambia. "Sasa nataka ulisome tena."

Alifikiri angemfukuza. Yalan alimsikiliza mpaka mwisho, akajifuta mikono kwenye aproni, akauliza, "Alikuwa anaongeaje?"

"Akianza, anavuta kamasi kidogo kama mtu mwenye mafua. Na akimaliza, sentensi inapanda juu, utadhani anauliza."

Yalan akavuta kamasi. "Mama, umeshakula?"

Dehou alishika ukingo wa pipa.

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, simu ililia. Mama Nie aliipokea kwa mikono miwili. Walizozana kuhusu chumvi, kuhusu soksi za sufu, kuhusu jirani aliyefuga kuku kibarazani. Dehou alikaa chumba cha pili, mgongo ukutani. Miezi ya mwanzo alikuwa anauma meno. Baadaye akaacha kuuma. Baadaye kabisa akajikuta ananyoa ndevu Jumapili asubuhi, mtu ambaye hakuna anayemwona, na akashindwa kusema anamnyolea nani, aliyekufa au aliye hai. Katikati ya wiki alipitia kule sokoni wakapange maneno ya Jumapili inayofuata. Mipango ilikuwa inarefuka. Hakuweza kuondoka mikono mitupu, kwa hiyo alinunua kabichi, na nyumbani kabichi ikajaa.

Na sasa serikali imeahidi kumleta.

*

Kesho yake asubuhi Dehou alikwenda ofisi ya kamati, akavua kofia, akamweleza Pang kila kitu. Tabasamu la Pang lilipotea taratibu, kama maji yanayokauka kwenye jiko.

"Kwa nini hukusema palepale?"

"Mbele ya mama? Mbele ya kamera?"

"Nimeshapeleka taarifa juu! Mkurugenzi ameshaandikiwa hotuba! Unajua maana yake?" Alikuwa anatembea nyuma ya meza. "Huyo mwanamke wa simu. Anafanana naye?"

"Hata kidogo. Na mama anaona vizuri, katibu. Anatia uzi kwenye sindano bila miwani."

Pang alisimama dirishani. Chini, mtu alikuwa anapita na uso umefungwa mpaka machoni kwa sababu ya baridi. Alimwangalia muda mrefu.

"Ule ugonjwa wa mapafu wa mwaka jana umesikika tena huko kusini," akasema. "Yeyote anayetoka kule lazima avae barakoa. Hata ndani ya nyumba. Na asiwasogelee wazee."

"Hiyo ni amri kutoka wapi?"

"Kuanzia sasa, kwenye nyumba yenu, ni amri." Tabasamu lilikuwa limeshamrudia. "Dakika kumi tu, Ndugu Chi. Anaingia, anasema nimefika mama, mkurugenzi anasoma hotuba, kamera inazimwa. Baada ya hapo mtajua wenyewe."

"Mimi sikubali."

"Hukubali?" Pang alikaa chini, akakunja mikono. Aliongea kwa upole, na Dehou alikuwa ameishi vya kutosha kujua kwamba mkubwa anapokuwa mpole ndipo uangalie ulipoweka mguu. "Sawa. Basi kamati itakuja na maua. Kifo cha binti wa mama wa mfano ni msiba wa mtaa mzima. Nitampa rambirambi rasmi, mimi mwenyewe, mbele ya mkurugenzi. Kamera itakuwepo vilevile. Chagua."

Dehou alisimama na kofia mkononi. Miaka miwili uongo ule ulikuwa wake. Aliutengeneza kwa mikono yake mwenyewe ili moyo wa mwanamke mmoja usisimame. Sasa wameuona, wameupenda, wameuchukua, kama walivyochukua gari la kiwanda.

Kule sokoni, Yalan alikataa kabla hajamaliza kusema.

"Hapana. Sauti ni sauti, Kaka Dehou. Inapita kwenye waya, haina mikono. Mimi nikiingia pale mama atataka kunishika."

"Amri inamkataza."

"Amri!" Alitema mate pembeni ya pipa. "Wewe umemjua mama gani anayekatazwa kumshika mwanawe na barakoa? Na nikishavaa koti la mkeo, wewe utaniangaliaje?"

"Nitaangalia ukutani."

"Ukutani hutaangalia. Nakujua."

Mteja mmoja alikuja akauliza kama kabichi imeiva, Yalan akamjibu bila kumtazama. Mteja alipoondoka akasema kwa sauti ya chini, "Na akishtuka akaanguka pale mbele yangu? Nitakuwa nimeua mtu."

"Pang akimwambia yeye, ataanguka kwa uhakika. Ukija wewe, labda."

"Labda," Yalan akasema. Alichota kabichi, akairudisha, akaichota tena. "Nitakuja. Lakini nisikilize. Baada ya siku hiyo sipigi simu tena. Umwambie ukweli, ubuni uongo mwingine, shauri yako. Nimezeeka na sauti ya marehemu kooni. Jumapili usiku huwa siwezi kuongea na mtu, sijui nianze na sauti ipi."

Dehou hakuwa amewahi kufikiria hilo. Akataka kumwambia kitu, kwamba yeye naye hajui anasubiri sauti ipi, lakini treni ya mizigo ilipita wakati huo na ilikuwa ndefu. Ilipoisha, Yalan alikuwa ameshainama kwenye pipa.

*

Jumamosi ya tarehe kumi na saba sebule ilikuwa imejaa makoti. Mkurugenzi wa wilaya alikuwa amekaa kwenye kiti cha pekee chenye mto, anaangalia saa. Pang alikuwa anazunguka na machungwa yaleyale aliyoyaleta, anawagawia watu. Majirani walisimama ukutani wamebanana, wamekaza midomo kama watoto waliovunja kioo cha shule. Aliyemtisha Dehou kuliko wote ni Mzee Teng wa ghorofa ya pili, mtu mwema, lakini glasi ya pili ikipita kooni hujui atasema nini. Alikuwa ameshamaliza ya kwanza.

Mama Nie alikuwa jikoni anakanda unga. Alikataa msaada. Alikuwa amevaa koti la hariri la bluu alilolitunza kwa ajili ya kuzikwa, na Dehou alipomuuliza kwa nini hilo, alijibu, "Televisheni si inakuja?"

Kupitia mlango wa jikoni Dehou aliona mgongo wake mdogo ukienda mbele na nyuma. Alihesabu pumzi zake. Dawa ya moyo ilikuwa mfukoni mwake, ameishika mpaka kichupa kimepata joto.

Mlango ukagongwa.

Yalan aliingia amevaa koti la kijivu la Suqin, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, barakoa nyeupe nene mpaka chini ya macho. Begi mkononi. Dehou aliangalia ukutani. Kisha akaangalia.

"Mama," ile sauti ikasema ndani ya chumba, bila waya, bila mikwaruzo, mara ya kwanza. "Nimefika."

Jirani mmoja alianza kulia, Pang akamkanyaga mguu.

Mama Nie alitoka jikoni na mikono myeupe kwa unga. Alisimama umbali wa hatua chache. Alimtazama mpaka mwenye kamera akaacha kutafuna chungwa.

"Kumbatianeni!" mkurugenzi akaamuru.

"Hapana, hapana, afya, Ndugu Mkurugenzi, umbali!" Pang akaruka katikati.

"Dehou aliniambia umenenepa," Mama Nie akasema.

"Ni safari, mama. Nimekonda njiani."

"Kidole kimepona? Kile ulichochoma na sindano."

"Kimepona. Nilipaka asali kama ulivyosema."

"Nilisema mafuta ya ufuta."

Dehou alikamata kichupa. Yalan alivuta kamasi, polepole, na macho juu ya barakoa hayakuyumba. "Ulisema mafuta ya ufuta, mimi nikapaka asali. Lini nimewahi kukusikiliza?"

Ngazi nzima ilishusha pumzi. Mama Nie aliendelea kumtazama kidogo, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika na jibu la dukani, akarudi jikoni.

Mkurugenzi alisoma hotuba yake. Ilikuwa inahusu joto la chama kwa wazee, na wakati anaisoma, pumzi ilikuwa inamtoka kinywani kama moshi. Hakuna aliyesikiliza. Dehou alikuwa anatazama jikoni. Sufuria ilikuwa inachemka, na alisubiri kumwona mama akichukua kisu kikubwa akate tambi. Kwenye siku ya kuzaliwa mzee analishwa tambi ndefu ili umri nao urefuke. Na anayeshuka kwenye treni analishwa tambi vilevile, apate kufungwa miguu nyumbani. Siku kama ile, sababu mbili kwa mpigo, hakuna mwanamke wa kaskazini ambaye angepika kitu kingine, hata angekuwa na homa.

Mama Nie hakuchukua kisu. Alichukua kile kijiti kifupi cha kusukumia, akawa anasukuma viduara vidogo, kimoja, kingine, anaweka nyama na kabichi katikati, anafinya kingo. Jiaozi. Alizipanga kwenye ungo, mistari iliyonyooka.

Dehou alizibua kichupa cha dawa mfukoni.

Alipozileta mezani zinatoa mvuke, Mzee Teng alikuwa ameshamaliza glasi ya pili.

"Dada Nie! Umechanganyikiwa leo?" akapayuka, anacheka. "Mtoto anashuka kwenye treni unamlisha jiaozi? Jiaozi ni za anayeondoka! Anayefika analishwa..."

Akasikia mwenyewe alichosema. Kicheko kikamfia mdomoni. Watu wote walitazama ungo, halafu wakaacha kuutazama.

"Najua ni za nani, Teng," Mama Nie akasema. "Kaa chini ule."

"Jiaozi ni utajiri!" Pang akaingilia kati kwa sauti ya juu, "zina umbo la vipande vya dhahabu vya zamani, Ndugu Mkurugenzi, mama anakutakia utajiri, chukua picha hapo, hapo, mkurugenzi akiwa na vijiti vya kulia mkononi!"

Mkurugenzi, mtu wa kutoka mkoa wa mbali, hakuona kasoro yoyote. Alikula moja, akasifu, akatazama saa. Alikuwa na mama mwingine wa mfano saa sita. Makoti yakaanza kutoka: mkurugenzi, kamera, mlinzi, majirani mmojammoja bila kuaga vizuri. Mzee Teng alitoka amejishika mdomo.

Pang alibaki mlangoni. Alimtazama Yalan, akamtazama Dehou, akasema, "Imekwenda vizuri sana," lakini alisema kama mtu anayeuliza.

"Mwanangu," Mama Nie akamwambia, "chukua moja ule njiani. Wewe ndiye uliyemleta."

Pang alichukua, hakuila, akashuka ngazi ameishika mkononi na mafuta yanamchuruzika kwenye koti lake jekundu.

Wakabaki watatu. Mama Nie alifunga mlango, taratibu, bila kuubamiza. Akaweka mabakuli manne. Akajaza moja kwanza, akaliweka upande usio na kiti.

"Vua hicho kitu," akamwambia Yalan. "Chakula kinapoa."

Yalan hakusogea.

"Vua, Bian Yalan. Kabichi yenyewe ni ya kwako. Unataka kula kabichi yako umefunga mdomo?"

Dehou alisikia sauti ambayo hakuitambua, kumbe ilikuwa yake, inasema, "Mama, kaa, mama, dawa iko hapa, kaa kwanza."

"Weka dawa yako. Ningekuwa wa kufa kwa hili ningekufa vuli ya mwaka juzi." Alikaa. "Jumamosi wewe unakwenda kuchochea boila kule kwenye nyumba ya kuoga, unadhani mimi nakaa hapa nahesabu nzi? Nilivuka reli. Nilikuwa natafuta kabichi. Nikasikia mwanamke anagombana na mteja, anavuta kamasi, sentensi inapanda juu. Nikasimama nyuma ya lori la viazi."

"Mama..." Yalan alianza, na hakujua aendelee na sauti gani.

"Ile sauti niliizaa mimi. Nilipoisikia inatoka kwenye mdomo wa mtu mwingine, nilijua mwenyewe hana haja nayo tena." Aliokota jiaozi iliyoanguka mezani, akairudisha kwenye ungo. "Jumapili ukapiga. Ukaniuliza nimekula nini. Nikakwambia."

"Kwa nini hukusema?" Dehou akauliza.

"Niseme ili iwe nini? Jumapili zilikuwa zinakuja. Na wewe ulikuwa unanyoa ndevu." Alimtazama kwa jicho kali, na ndani yake mlikuwa na kitu karibu na kicheko. "Kabichi uliyokuwa unaleta, Dehou! Nyumba nzima inanuka. Nilikuwa nawagawia ngazi nzima kwa siri. Teng anaharisha mpaka leo."

Yalan alicheka, na kicheko kikageuka katikati kikawa kitu kingine. Barakoa ilikuwa inaning'inia kwenye sikio moja. Sasa alikuwa analia kwa sauti yake mwenyewe, ile ya kwenye nguzo, kavu na nene, ambayo Mama Nie alikuwa hajaisikia ndani ya nyumba ile.

"Waliniletea kamera, nikasema sawa," mama akaendelea. "Nikajisemea, ataletwa, na mimi nitamuaga. Alipokwenda kusini sikumpikia. Nilinuna. Nilimwambia, ukitoka mlango huo usitegemee jiaozi zangu. Akaondoka na mkate mkavu. Kwa hiyo za leo ni zake." Alisogeza kidogo lile bakuli la nne. "Huyu anaondoka leo. Si mwaka juzi, wala mlipotaka ninyi. Leo."

Dehou alipiga magoti bila kujua, kichupa mkononi kama alivyoshika kofia ofisini kwa Pang. Alisubiri matusi. Alisubiri amwambie afungashe, kwamba mkwe asiye na mke si mkwe, kwamba kila mtu ashike njia yake. Miaka miwili alikuwa ameogopa neno hilo kuliko alivyoogopa moyo wa mama kusimama.

"Inuka, sakafu ina baridi," Mama Nie akasema. "Wewe bado mwanangu, hilo halina mjadala. Na huyu atakula hapa Jumapili, akija kwa miguu yake na sauti yake. Nataka kitu kimoja tu."

Aliweka mikono yake miwili mezani, unga umekauka kwenye mikunjo ya vidole.

"Mwanangu alipokuwa anakata roho, nani alimshika mkono?"

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bomba. Dehou alifungua mdomo.

Simu kutoka kusini ilichelewa. Wakubwa wa kiwanda cha viatu walikaa kwanza kikao waamue ni maneno gani ya kutumia, na yeye alipopigiwa, akapanda treni akasimama njia nzima, alimkuta Suqin ameshafunikwa shuka kwenye korido, pembeni ya ndoo ya kudekia. Wenzake wa chumbani walitaka kuwa naye siku ile ya mwisho. Msimamizi alikataa kuwaruhusu. Oda ilikuwa haijaisha. Mkono wa Suqin ulikuwa umetoka nje ya shuka, umefunguka, una gundi chini ya kucha.

Hayo hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata Yalan. Na neno la kuyafuta lilikuwa fupi kuliko yote aliyowahi kusema. Mimi. Mimi, mama. Angelisema, na mama angelala, na ungekuwa uongo wa upendo kama ule wa kwanza.

Yalan alikuwa anamtazama. Alitikisa kichwa, lakini kidogo sana, na Dehou hakuweza kujua kama anamwambia ndiyo au hapana.

Mama Nie alisubiri. Hakuwa na haraka. Mvuke juu ya bakuli la nne ulikuwa unapungua.

"Nani, Dehou?"